Kifurushi ni cha Boma, Kasi ni ya Mashine

Leo nataka tuzungumzie ugomvi mdogo ulioingia maboma yetu pamoja na intaneti. Kwa nini kompyuta hii inakimbia na ile inajikokota, ilhali zote zinatumia ruta moja na bili inalipwa mara moja?

Kuna siku ambayo ugomvi huo ulikosa nafasi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari na kutuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini. Kenya ikazorota, Tanzania ikazorota, majirani wengine vilevile. Nyumba iliyopatwa siku ile ilipatwa yote: simu ya mama, laptopu ya mtoto, runinga ya sebuleni. Hakuna aliyemshuku mwenzake.

Shika jambo hilo, maana ndilo litakalotuongoza leo. Hitilafu ikiwa nje ya nyumba, iwe baharini, Nairobi au kwenye mlingoti wa kampuni pale mlimani, haichagui mashine. Ikianza kuchagua, ikambana mmoja na kumwacha mwingine, basi karibu kila mara imo ndani ya boma: baina ya ruta na mashine, au ndani ya mashine yenyewe. Na wengi wetu hufanya kinyume. Laptopu moja ikilegea, tunapiga simu kwa kampuni, tunasikiliza muziki wa kusubiri nusu saa, tunamgombeza msichana wa huduma kwa wateja ambaye akitazama kwenye skrini yake anaona laini yetu ni nzima kabisa.

Sasa boma lenyewe. Kwetu Gusii ardhi imegawanywa ikagawanywa tena. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba, na 605,576 katika Nyamira. Kwa hiyo nyumba ya mzee iko juu karibu na barabara, ya mwana wa kwanza iko chini yake, ya pili iko chini zaidi kwenye mteremko, na esaiga ya kijana ambaye hajaoa iko pembeni karibu na migomba. Fundi alileta laini mpaka kwa mzee, kwa kuwa huko ndiko penye barabara na ni mzee aliyetia sahihi. Wana wanachanga. Mmoja ananukuu mahojiano ya sauti kwa wateja wa ng'ambo, anategemea mtandao kwa unga wa jioni. Binti yuko Chuo Kikuu cha Kisii na ana kazi ya kuwasilisha kabla ya saa sita usiku. Mama anafuata mahubiri YouTube. Mzee mwenyewe hutazama habari tu, lakini ruta iko juu ya kabati lake, na hilo, kama tutakavyoona, linampa mamlaka kuliko anavyojua.

Kabla hamjagombana, hakikisheni mnapima kitu kimoja. Nimesikia watu wawili wakibishana, huyu anasema anapata 20, yule anasema anapata 2 na nusu, na wote wanapata kasi ile ile. Programu ya kupima kasi huhesabu kwa megabiti, na kivinjari kinaposhusha faili huhesabu kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Gawanya 20 kwa 8, ugomvi umekwisha. Tena programu hizo za kupima hujichagulia seva ya kupimia. Laptopu ikipima na seva iliyo Nairobi na nyingine ikapima na seva ya Ulaya, majibu hayawezi kulingana. Na yule ndugu anayefanya kazi za ng'ambo kwa VPN, data yake inakwenda mpaka nchi aliyoichagua ndipo irudi kwake. Asijilinganishe na mtu asiye na VPN.

Baada ya hapo fanya jaribio moja tu. Chukua waya wa ethaneti, ule uliokuja na ruta na ambao umelala kwenye boksi tangu siku ya kwanza. Chomeka laptopu inayolalamikiwa moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai yake, waambie wengine wapumzike kidogo, kisha pima. Rudi nayo mahali inapokaa siku zote, chomoa waya, washa waifai, upime tena. Ikiwa kwenye waya inapata kifurushi kizima na kwenye waifai inapata robo, basi shida iko hewani. Ikiwa hata kwenye waya inajikokota huku nyingine ikikimbia kwenye tundu lile lile, shida iko ndani yake: Windows inajisasisha kimyakimya, picha za harusi zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, kizuia virusi kinakagua kila kitu kinachoingia, au kivinjari kimebebeshwa vikorokoro ambavyo hakuna anayekumbuka vilivyoingia lini. Hayo ya ndani sitayatilia maneno mengi. Zima kimoja baada ya kingine, utamjua mwizi.

Ya hewani ndiyo yenye utamu.

Tuanze na kadi ya waifai iliyo ndani ya laptopu. Laptopu nyingi hapa mjini Kisii ziliwahi kufanya kazi katika ofisi za Ulaya kabla hazijaletwa na kuuzwa kwetu. Ni hizi tunazoziita Ex-UK. Mimi sizidharau. Mwili ni mgumu, kibodi ni nzuri, bei inabebeka. Lakini muuzaji atakutajia kumbukumbu, diski na prosesa, na hatataja kadi ya waifai, wala wewe hutauliza. Kadi ya kizazi kilichopitishwa mwaka 2009, yenye antena moja, kwenye chaneli ya upana wa kawaida mwisho wake ni megabiti 72. Hata ukiiweka laptopu juu ya ruta haivuki hapo, na hizo 72 ni za kwenye karatasi. Zinazokufikia ni karibu nusu. Simu mpya ya mpwa wako itaipita bila jasho. Namba hii huna haja ya kuikisia: fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows, utaona kasi ya kiungo kati ya laptopu na ruta imeandikwa. Kadi yenyewe fundi anaweza kuibadilisha, ingawa baadhi ya laptopu za zamani hukataa kadi zisizozitambua. Hapo utatumia kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB.

Lakini kadi nzee ina athari nyingine ambayo watu hawaitarajii. Haimchelewishi mwenye nayo peke yake. Inawachelewesha wote.

Waifai hufanya kazi kwa zamu. Katika chaneli moja, mashine moja ikisema, nyingine zote hunyamaza na kusikiliza, na ruta yenyewe hunyamaza. Nenda kituo chochote cha kununulia majani chai upande wa Kebirigo au Kiamokama utalielewa jambo hili. Karani ana mzani mmoja, wakulima wako foleni, kila mtu ana zamu yake. Aliyechuma vizuri, majani mawili na chipukizi, anapima na kwenda zake. Aliyechuma ovyo anaambiwa amwage mezani, achambue, aondoe majani magumu, ndipo apime. Wote wamepewa zamu moja moja, haki imetendeka, lakini zamu ya huyu wa pili imekula muda wa watu wengi, na mwenye majani safi aliye nyuma yake anafika nyumbani giza limeingia.

Waifai ni hivyo hivyo. Mashine iliyo mbali au yenye kadi nzee huongea polepole, kwa hiyo kipande kile kile cha data kinaichukua muda mrefu zaidi hewani. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, Martin Heusse na wenzake, waliliweka jambo hili katika hesabu na majaribio. Waifai ya siku hizo ilikuwa na kasi ya megabiti 11. Walionyesha kwamba kompyuta moja ikishuka hadi megabiti 1 kwa sababu ya umbali, wenzake waliokaa karibu na ruta hawabaki na 11 zao. Wanateremshwa wote mpaka chini ya megabiti 1, sawa na yule wa mbali. Haya hutokea mashine hiyo inaposhusha au kupandisha kitu. Ikiwa imewashwa tu bila kazi, haina madhara makubwa.

Basi rudi kwenye boma letu. Yule kijana wa esaiga, aliye mbali, nyuma ya kuta mbili na migomba, anashusha filamu kwa laptopu ya zamani. Binti aliye sebuleni kwa mzee, mita tatu kutoka kwenye ruta, anaona kazi yake ya chuo imekwama. Anailaumu laptopu yake mpya. Kijana naye anamlaumu mzee kwa kununua kifurushi kidogo. Aliye na kasi mbaya kuliko wote ndiye anayewavuta wengine chini, wala hana kosa lolote, ni umbali tu.

Dawa ipo na si ya jana. Mwaka 2017 kundi la watafiti akiwemo Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, lilionyesha namna ya kugawa zamu kwa muda badala ya idadi ya vipande: kila mashine ipewe sekunde sawa, na ile nzee isafirishe inachoweza ndani ya sekunde zake. Programu hiyo iliingizwa katika Linux, ambayo ndiyo inayoendesha ruta nyingi duniani. Si kila ruta inayo, na muuzaji wa soko la Daraja Mbili hatakuambia. Wewe unaweza kufikia matokeo yanayokaribiana nayo kwa njia ya kienyeji zaidi: mashine ya mbali iwekwe kwenye waya, itoke kabisa kwenye foleni ya hewani.

Sasa kuna fumbo jingine ambalo huwachanganya watu. Laptopu mbili ziko meza moja, bega kwa bega, ukuta ule ule, ruta ile ile. Moja inapata 40, nyingine 8. Hapo umbali hauhusiki. Ruta nyingi za siku hizi hutangaza kwa masafa mawili, gigahatzi 2.4 na gigahatzi 5, na mara nyingi hutumia jina moja kwa yote mawili. Laptopu moja imeshika 5, nyingine imeshika 2.4, pengine kwa sababu kadi yake haiijui 5 kabisa. Tenganisha majina kwenye mipangilio ya ruta, uone nani yuko wapi.

Na hii 2.4 ina msongamano. Ina chaneli 13, lakini zinalaliana. Zinazoweza kufanya kazi pamoja bila kugusana ni tatu tu, na kwa desturi ni 1, 6 na 11. Katika maghorofa ya mjini Kisii, mitaa ya Nyanchwa, Mwembe na Jogoo, ambako kila mlango una ruta, chaneli tatu kwa jengo zima ni kichekesho. Tanuri la maikrowevu nalo hufanya kazi karibu na gigahatzi 2.45, kwa hiyo jirani akipasha wali, wewe unakatika. Lakini usidhani kijijini tumepona. Ile idadi ya watu 950 kwa kilomita mraba maana yake ni kwamba ruta ya jirani wa ng'ambo ya ua inasikika mpaka chumbani kwako. Sehemu nyingine za Kenya mtu wa shamba ana hewa yake peke yake. Sisi hata hewa tunagawana kama ardhi.

Ndiyo sababu ile tiba ya wote, kuzima ruta na kuiwasha tena, mara nyingine husaidia kweli. Ruta nyingi zikiwaka husikiliza kwanza na kujichagulia chaneli yenye kelele kidogo. Stima ikipotea mtaa mzima na kurudi, ruta zote zinawaka kwa pamoja na kuchagua kwa pamoja, na uchaguzi huo huwa mbovu. Ngoja dakika chache kisha uzime yako peke yake, uiwashe.

Masafa ya gigahatzi 5 yana chaneli nyingi na nafasi tele, ila hayapendi kuta. Tofali la kuchoma huyapunguza, zege lenye vyuma huyapunguza zaidi, na mabati huyarudisha yalikotoka. Nyumba ya mabati ukiifunga mlango na madirisha, waifai ya nje inaingia kwa shida sana. Tangi la maji lililosimama kati ya nyumba na nyumba ni kizuizi. Na migomba, msikilizaji, migomba yetu hii: jani pana lililojaa maji hunyonya mawimbi, na likilowa mvua hunyonya zaidi. Anayesema intaneti ya esaiga huharibika mvua ikinyesha hasemi uzushi.

Ruta basi isikae juu ya kabati la mzee kwa sababu ya heshima. Ikae katikati ya watumiaji, juu kiasi, isifichwe nyuma ya runinga. Wengine wananunua kile kifaa cha kurudia mawimbi na kukichomeka kule kule ambako mawimbi yamekufa, kisha wanalalamika kwamba hakifanyi kazi. Kitarudia nini, ilhali hakisikii kitu? Kiweke njiani, mahali ambapo bado unapata mawimbi mazuri. Hata hapo, kile cha bei rahisi chenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu, kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu.

Hiyo inanirudisha kwenye waya, ambao mimi naupenda kuliko yote haya, na ambao kwetu una hatari yake. Waya wa ethaneti una nyuzi ndogo 8. Kasi ya megabiti 100 huhitaji nne tu kati yake. Kasi ya gigabiti huzihitaji zote nane. Panya akikata moja, au fundi akibana kichwa vibaya, mashine inaweza kuteremka hadi 100 bila kukuambia neno, na kompyuta ya pembeni yake yenye waya mzima ikabaki na 1,000. Kwa kifurushi cha megabiti 20 au 30 hutaona tofauti yoyote, kwa hiyo usimfukuze fundi bure. Utaiona siku utakapopanda juu ya 100. Urefu nao una mpaka: mita 100, si zaidi. Kutoka kwa mzee mpaka nyumba ya mwisho chini ya mteremko, pima kwa hatua kabla ya kununua.

Kisha radi. Nyanda zetu za juu hupokea upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria, na alasiri wingu linapopanda, kila mtu wa Kisii na Nyamira anajua kinachofuata. Waya wa shaba uliotandazwa hewani kutoka paa hadi paa hukusanya umeme hata kama radi imepiga mbali. Si lazima uunguze ruta ikafa. Unaweza kujeruhi tundu moja, likawa linafanya kazi nusu nusu, na ndipo unapata kompyuta iliyokuwa nzuri Jumatatu ikawa ya kukatikakatika Jumatano, ukaibadilishia programu zote bila faida. Jaribu waya huo huo kwenye tundu jingine la ruta utajua. Baina ya nyumba na nyumba mimi ningepitisha fiba, kwa sababu kioo hakipitishi umeme, au ningeweka vidishi viwili vidogo vya redio vinavyotazamana, mradi migomba isiwe katikati. Ukiwa tayari una waya wa shaba, wingu likitanda chomoa stima na chomoa ethaneti, pande zote mbili. Watu huchomoa stima na kuacha ethaneti.

Ninajua swali mlilonalo, kwa sababu ndilo linaloulizwa kila Oktoba bonasi ya chai inapoingia: mzee aongeze kifurushi? Ule waya wa majaribio unajibu. Ikiwa laptopu iliyochomekwa kwenye ruta inapata kasi yote mnayolipia na bado boma zima linabanwa saa za jioni, ongezeni, mnahitaji. Ikiwa yenyewe inapata yote na ile ya mteremkoni inapata megabiti 6, pesa za nyongeza zitamfaa aliyekaa karibu na kabati la mzee, na yule wa chini ataendelea na 6 zake mpaka mtu amnunulie waya au kadi mpya.